Mbio za chaguo tatu zilivyoinua timu ya Chuo cha Wanamaji

KATIKA futiboli ya Kimarekani inayochezwa vyuoni, timu hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, sawa na takriban mita tisa. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani.

Mpira husogezwa kwa kurushwa hewani au kwa kukimbia nao. Kukimbia huhitaji safu ya mbele yenye nguvu ya kuwasukuma mabeki, na hapo ndipo timu zenye vijana wadogo wa miili hukwama.

Timu ya Chuo cha Wanamaji cha Marekani, kilichoko Annapolis, Maryland, ilikuwa miongoni mwa hizo. Katika misimu ya 2000 na 2001 ilifungwa michezo 20 kati ya 21. Wahitimu wake hutakiwa kulitumikia jeshi kwa angalau miaka mitano, hivyo vijana wenye ndoto ya ligi ya kulipwa hwenda kwingine.

Kocha Paul Johnson, aliyeanza kazi msimu wa 2002, alitumia mfumo wa chaguo tatu. Beki mmoja huachwa makusudi bila kuzuiwa, naye kwotabeki, yaani mchezaji anayeanzisha shambulizi, humtazama. Beki akibaki nje, mpira hukabidhiwa mkimbiaji wa katikati. Beki akimfuata mkimbiaji huyo, kwotabeki hukimbia nao mwenyewe. Beki wa pili akimkabili, humrushia mwenzake aliye pembeni.

Kwa njia hiyo mabeki wawili hushindwa bila kuguswa, na wazuiaji huwaelemea waliobaki. Wepesi wa kuamua hufidia upungufu wa nguvu.

Matunda hayakuja mara moja. Mwaka 2002 timu ilishinda michezo miwili tu kati ya 12. Mwaka 2003 ilishinda minane kati ya 13, na mwaka 2004 ikashinda 10 kati ya 12.

Faida nyingine ni kumiliki muda. Katika mchezo wa Emerald Bowl mwaka 2004, dhidi ya New Mexico, shambulizi moja la timu hiyo lilidumu dakika 14 na sekunde 26. Ilishinda 34-19.

Mwaka 2007 iliifunga Notre Dame 46-44 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza, na kukomesha mfululizo wa vipigo 43 kutoka kwa timu hiyo.

Mfumo huo una kasoro. Timu ikiachwa nyuma kwa pointi nyingi, mbio za yadi nne nne hula muda inaouhitaji ili kusawazisha. Aidha, kosa dogo la kurusha pembeni huweza kuwapa wapinzani mpira.

Johnson aliondoka mwishoni mwa 2007 kwenda Georgia Tech. Msaidizi wake, Ken Niumatalolo, aliuendeleza mfumo huo Annapolis hadi 2022, ushahidi kwamba timu dhaifu huinuka inapochagua mchezo unaolingana na wachezaji ilionao.