Kabla ya Leza Kulikuwa na Kisu

Nilipomwambia mama nataka kufanya leza ya macho niachane na miwani, aliuliza kitu kimoja tu: "Na baada ya miaka kumi je?" Nikamcheka kidogo. Kumbe swali hilo lina historia.

Miaka ya 1970, daktari Svyatoslav Fyodorov wa Moscow alieneza upasuaji wa kuchanja konea kwa kisu, mikato kama miale ya jua. Konea inakuwa bapa katikati, mtu anaona mbali. Wamarekani wakawafuatilia wagonjwa wao kwa miaka 10. Matokeo yalipotoka 1994, asilimia 43 ya macho yalikuwa yamesogea upande wa pili kwa dayopta 1 au zaidi. Yaani operesheni ilifaulu, halafu ikaendelea kufanya kazi bila kuombwa! Beck Weathers, aliyechanjwa hivyo, alipoteza uwezo wa kuona akipanda Everest mwaka 1996.

Leza, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995, haichanji vile. Inaondoa tabaka jembamba sana la konea. Matokeo yake ni imara zaidi, ingawa wapo wanaobaki na macho makavu au kuona taa za usiku zikitawanyika.

Bado naitaka. Ila kwanza nitapimwa unene wa konea, na mama anakuja nami.