Mfaransa aliyemkosoa Mwalimu, na maksai wa Mbozi

Mwaka 1962, nchi nyingi za Afrika zikiwa bado kwenye shangwe za uhuru, kitabu kilitoka Paris na kuwakera wakubwa wengi wapya. Kilisema wazi kwamba Afrika imeanza safari vibaya. Mwandishi wake, René Dumont, alikuwa bwana shamba kwa elimu, lakini L'Afrique noire est mal partie kilikuwa kitabu cha siasa kuliko cha mbolea. Alipiga hesabu ya mishahara ya wabunge wa nchi zilizotawaliwa na Ufaransa akaonyesha kuwa mmoja wao, kwa mwezi mmoja na nusu wa kazi, alipata kile ambacho mkulima wa kawaida angekichuma kwa miaka 36.

Dumont alizaliwa Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 13 Machi 1904. Kazi ilimpeleka Tonkin, kaskazini mwa Vietnam ya leo, mwaka 1929, na alirudi mwaka 1932 akiwa ameuchukia ukoloni. Kuanzia 1933 hadi 1974 alifundisha kilimo Paris, huku akizunguka dunia.

Tafsiri ya Kiingereza ilipotoka mwaka 1966, Mwalimu Nyerere aliisoma na kuwapa mawaziri wake nao waisome. Oktoba mwaka huohuo wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwarudisha makwao, kisha akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Tarehe 5 Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, lililomkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kumiliki hisa au kupangisha nyumba. Kusema Azimio lilitoka kwa Dumont ni kumkosea Mwalimu, ambaye alikuwa ameandika kuhusu ujamaa tangu 1962. Ila hofu yao ilikuwa moja: kwamba uhuru ungegeuka mali ya watu wachache wa mjini. Mwalimu alimwalika Dumont nchini, na ripoti yake kuhusu kilimo baada ya Azimio ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1969.

Sisi wa Mbozi tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Dumont alisisitiza kwamba Afrika isirukie trekta kutoka jembe la mkono, ng'ombe kwanza. Mwalimu naye alihubiri hivyohivyo mwaka 1967. Mvua zikianza, pita Ruanda, hapa Mbozi, utazame mashamba ya mahindi: jozi ya maksai chini ya nira, mnyororo umekaza, kijana ametangulia kuwaongoza, na nyuma mtu mzima ameshika plau kwa mikono miwili, akiikandamiza udongo unapokuwa mgumu. Trekta likiharibika, kipuri kinasubiriwa. Maksai anakula majani ya palepale, na samadi yake inarudi shambani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, tulipokuwa bado mkoa wa Mbeya, Kanada ilifadhili mradi mkubwa wa maksai huku kwetu.

Shauri hilo lilieleweka. Gumu lilikuwa jingine. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, wakaachwa mbali na mashamba yao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakawa mikononi mwa mashirika na mamlaka za serikali.

Kuwa mgeni wa Ikulu hakukumnyamazisha Dumont. Alirudi mwishoni mwa miaka ya 1970 pamoja na Marie-France Mottin, na mwaka 1980 wakachapisha L'Afrique étranglée. Humo Zambia na Tanzania, pande zote mbili za mpaka wetu wa Tunduma, zimo kati ya nchi zinazochambuliwa, na lawama inafanana: mji na ofisi zake vinakula jasho la mkulima. Mimi naiona lawama hiyo kuwa heshima kubwa kuliko sifa alizopewa Mwalimu na wageni wengine. Na Mwalimu anastahili sifa yake pia, maana ni watawala wachache wanaomfungulia mlango mtu wa namna hiyo.

Kwao Ufaransa Dumont aligombea urais mwaka 1974, mgombea wa kwanza kusimama kwa ajili ya mazingira. Alivaa sweta jekundu, akanywa bilauri ya maji mbele ya kamera za televisheni akionya kwamba maji yatakuwa adimu. Alipata asilimia 1.32 ya kura. Alifariki tarehe 18 Juni 2001, akiwa na miaka 97.

Huku kwetu Tanzania, vyama vikuu vya ushirika vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Bei ya mkulima haikurudi kirahisi hivyo. Msimu wa mahindi bado gunia la lumbesa linashonwa likiwa na kilemba juu, ingawa sheria imeweka kikomo cha kilo 100, na mkulima wa Ruanda analipwa kwa gunia moja.