Mfumo wa ikolojia na bayomu: jinsi ya kuwafundisha wanafunzi wetu wa Pwani

Mwanafunzi wa sekondari hapa Pwani anaweza kukutajia tundra na taiga bila kusita. Muulize kwa nini mlilana humea ukingoni mwa bahari ilhali mkandaa hukaa nyuma, aghalabu atanyamaza. Si kwamba hana akili. Somo la ikolojia limezoeleka kufundishwa ubaoni, kwa mifano ya mbali, na mtoto wa mvuvi hafikirii kwamba lile analosoma ndilo hili analopita kila siku akienda shule.

Makala haya yanaeleza maana ya maneno mawili makuu ya somo hili, kisha yanaonyesha namna mwalimu, au hata mzazi, anavyoweza kuyafundisha kwa mifano ya hapa kwetu.

Maneno mawili yanayochanganywa

Mfumo wa ikolojia ni mahali fulani pamoja na viumbe vyote vinavyoishi hapo na vitu visivyo hai vinavyovitegemeza: maji, udongo, jua, chumvi, upepo. Waweza kuwa mdogo kama kidimbwi kinachobaki mwambani maji yakitoka, au mkubwa kama delta ya Mto Tana.

Bayomu ni aina ya mazingira inayorudiwa sehemu nyingi za dunia kwa sababu hali ya hewa na mimea yake inafanana. Savana ya Tsavo na savana ya Brazili hazina wanyama sawa, lakini zote zina nyasi, miti iliyotawanyika, na majira ya mvua na kiangazi. Kwa hiyo huhesabiwa bayomu moja.

Mikoko inatusaidia kutenganisha mawili haya. Orodha moja inayotumiwa sana na wanasayansi ina bayomu 14 za nchi kavu, na misitu ya mikoko ni mojawapo. Basi mikoko ya Gazi, pamoja na kaa wake, samaki wake na tope lake, ni mfumo wa ikolojia. Lakini mikoko ya Gazi, ya Lamu na ya Bangladeshi kwa pamoja ni bayomu.

Somo la mikoko

Kenya ina aina 9 za mikoko, na zaidi ya nusu ya msitu wote wa mikoko nchini uko Lamu. Wapeleke wanafunzi ufuoni, wanyooshe kamba kutoka majini kwenda bara, kisha waandike kila mti unaoguswa na kamba hiyo. Mara nyingi wataanza na mlilana, wafuate mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa, na mwisho kikandaa. Mchu wanaweza kuukuta pande zote mbili, mbele na nyuma.

Hapo waulize sababu. Ni nani anayefunikwa na maji kila siku, na nani hufikiwa na bamvua tu? Mkoko una mizizi inayoshuka kama miguu ya buibui kuushikilia topeni. Mchu hutoa mizizi inayosimama kama penseli ili ipate hewa, na majani yake hutoa chumvi. Mwanafunzi akiramba jani ataionja. Hivi ndivyo vitu visivyo hai vinavyochagua nani aishi wapi.

Hesabu nayo ipo. Wazee wa Lamu hugawa miti kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Wanafunzi wakihesabu miti ya kila kundi watajua hali ya msitu. Penye fito na pau tele lakini boriti na nguzo hazionekani, huenda miti minene imekatwa au msitu bado ni mchanga. Penye nguzo bila miche, kuna hatari kwamba hakuna wa kurithi.

Nani anamla nani

Majani ya mikoko huanguka, kaa huyaburura mashimoni na kuyala, vijidudu huozesha mabaki, na kamba na samaki wachanga hupata chakula na maficho. Nje kidogo kuna nyasi za baharini, ambazo Kenya ina aina 12. Hizi si mwani: zina mizizi, hutoa maua na mbegu, na ndizo malisho ya kasa na nguva. Tafi hula majani haya, tewa humla tafi, nasi humla tewa.

Kila ngazi hupokea sehemu ndogo tu ya nishati ya ngazi iliyo chini yake, takriban asilimia 10. Majani yenye nishati ya vipimo 10,000 humpa tafi kama 1,000, tewa 100, na mlaji wa tewa 10. Mwanafunzi akiifanya hesabu hii ataelewa kwa nini samaki wakubwa ni wachache, na kwa nini wao ndio wa kwanza kuadimika uvuvi ukizidi.

Mfano mwingine ni kikande. Samaki huyu hula wale wanyama wa duara wenye miiba wanaowachoma watu miguu mwambani. Utafiti uliofanywa katika miamba ya Kenya umeonyesha kwamba vikande wakivuliwa kupita kiasi, wanyama hao wa miiba huongezeka na kuutafuna mwamba. Samaki mmoja anaondoka, na nyumba ya samaki wote inabomoka.

Kutoka ufuoni hadi nyika

Bayomu hufundishika vizuri zaidi njiani. Mombasa hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Voi, umbali wa kama kilomita 150, hupata karibu nusu ya hiyo. Katika safari hiyo moja mwanafunzi huacha minazi na mabaki ya msitu wa pwani, akaingia vichaka vya miiba vya Taru, kisha savana. Mvua inapungua, na mimea inabadilika.

Kwa walio Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita mraba 420 na ndani yake mna misitu ya namna tatu, kwa kuwa udongo na mvua hutofautiana. Karibu na hapo, Gede, mradi wa Kipepeo tangu 1993 umewawezesha wanakijiji kufuga vipepeo na kupata riziki bila kukata miti. Makaya ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, yanaonyesha kwamba miiko ya wazee pia ni njia ya kuhifadhi.

Kupanga ziara

Chagua siku za bamvua, mwezi mpya au mwezi mpevu, kwa sababu maji hutoka mbali, na katika pwani yetu huwa yametoka karibu saa nne asubuhi. Rudini kabla hayajaanza kujaa. Kila mwanafunzi avae viatu. Ombeni ruhusa mapema: kwa wasimamizi wa hifadhi, kwa kamati ya kijiji, na kwa wazee ikiwa mnaingia kaya. Msiondoke na matumbawe wala viumbe hai, daftari latosha.

Si somo la mtihani tu

Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Juni 2019, jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, na mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kule Gazi na Makongeni, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza hewa ya kaboni kwa miaka mingi, na fedha zake zimesaidia maji na shule.

Mambo haya yote yaliamuliwa vikaoni, kwa hoja. Vikao vingine vitakuja, vya bandari, vya hoteli, vya mashamba ya chumvi. Kijana aliyewahi kunyoosha kamba kwenye mikoko ya kwao na kuhesabu miche ataweza kusimama na kuuliza: mkijaza kifusi hapa, maji ya bamvua yatapita wapi, na tafi watazaliana wapi? Asiyefundishwa atapewa karatasi atie sahihi.