Dampo likae wapi? Kwanza tupime kilicho chini

Wadau, tukipita karibu na dampo wote tunaziba pua. Lakini balaa lenyewe haliko juu, liko chini. Mvua ikinyesha kwenye taka, maji yanapenya humo, yanabeba kila uchafu na kuzama ardhini yakiwa meusi tii. Yakikutana na maji ya visima, ndiyo hayo tunachota kwa ndoo.

Dar tunajua habari za kuhamisha dampo. Wananchi wa Tabata walishinda kesi Mahakama Kuu mwaka 1988, wa Kunduchi Mtongani 1991. Malalamiko yao yalikuwa moshi, harufu na inzi. Taka zikaenda Vingunguti kwenye bonde la Msimbazi, baadaye Mtoni, baadaye Pugu Kinyamwezi. Mimi ni mtu wa form four tu, ila naona bondeni ndiyo pabaya kuliko pote, maana huko maji ya chini yako karibu.

Sasa, wataalamu wanapimaje? Wanachoboa mashimo na kutoa udongo wa kila tabaka. Sehemu kubwa ya Dar ina mchanga juu, kisha mfinyanzi, kisha mchanga tena wenye maji. Mfinyanzi ndio mlinzi, lakini haujatandikwa kama zulia: hapa mnene, pale mwembamba, kwingine haupo kabisa. Ndiyo maana shimo moja halitoshi.

Halafu kasi. Kanuni za Ulaya za 1999 zinataka chini ya dampo la taka za kawaida kuwe na kizuizi sawa na mita 1 ya udongo unaopitisha maji mita 0.000000001 kwa sekunde. Piga hesabu, ni kama sentimita 3 kwa mwaka maji yakishuka kwa uzito wake tu. Kwenye mchanga safi, hata mteremko wa maji ukiwa mdogo, uchafu unaweza kwenda makumi ya mita kwa mwaka. Yaani kisima cha jirani hakina muda mrefu!

Kujua maji yanaelekea wapi unahitaji visima visivyopungua vitatu, visiwe kwenye mstari mmoja. Unapima kina cha maji kwa kila kimoja, unakitoa kwenye mwinuko wa ardhi ya pale, unapata usawa wa maji. Yanatoka penye usawa wa juu kwenda wa chini. Pima kiangazi na upime masika, maana masika maji yanapanda, na dampo lililoonekana kavu Septemba linaweza kuwa limelowa Aprili.

Hapa kuna mtego. Ukikuta naitreti kwenye kisima usikimbilie kulilaumu dampo, vyoo vya shimo navyo vinaileta. Chumvi nayo, karibu na pwani inaweza kuwa ya bahari. Dawa yake ni kulinganisha kisima kilicho juu ya dampo na kilicho chini yake kufuata mkondo, na kupima kabla taka ya kwanza haijamwagwa. Bila kipimo hicho cha mwanzo, mtabishana mpaka kesho.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi. Wakija mtaani kwenu na ramani, waulizeni: mmechoboa mashimo mangapi, na Aprili maji yalikuwa mita ngapi?