Elimu ya Bure Itokayo Mbali: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Rungwe

Siku hizi twasikia rai kwamba wainjilisti wetu waweza kuelimishwa kwa masomo ya bure ya intaneti, na kwamba gharama za walimu na mabweni zitapungua. Rai hii yastahili kupimwa kwa historia.

Mwaka 1891 Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walianza kazi Rungwe. Mwaka huohuo Misioni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky, ikafika Unyakyusa. Elimu waliyoileta ilitoka mbali sana. Lakini wamisionari Wajerumani walipokamatwa mwaka 1916, vitabu peke yake havikulilea kanisa. Walimu na wainjilisti wenyeji ndio walioendelea kukusanya watu na kufundisha, hata kabla ya msaada wa Waskoti wa Livingstonia.

Mfano wa pili ni wa Taifa zima. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilitumia redio kufundisha watu wazima wapatao milioni mbili. Kwa nini ilifaulu? Sauti ya redio ilifika kila mahali, ni kweli, ila kabla ya kipindi cha kwanza kutangazwa walikuwa wamekwisha kuandaliwa viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000. Watu walisikiliza pamoja, wakasoma kijitabu cha Kiswahili, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. (Sijui kama wanatheolojia tumewahi kuandaa somo lililoishia kwenye jembe namna hiyo.)

Sasa tutazame jambo la leo. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa bure somo la akili bandia, na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha. Waliomaliza walikuwa 23,000 hivi. Hiyo ilihesabiwa kuwa fanaka, na kwa haki, maana mwalimu gani amepata kuwa na darasa la ukubwa huo? Mwaka uliofuata Coursera na edX zilianza kazi. Hata hivyo katika masomo mengi ya namna hii wanaomaliza hawafiki mmoja kati ya kumi, na walio wengi kati yao tayari wana shahada. Aghalabu somo ni bure lakini cheti ni cha kulipiwa, na lugha ni Kiingereza.

Mwinjilisti wa Busokelo aliyeishia darasa la saba hatafunguliwa mlango huo kwa kupewa simu tu. Atahitaji vifurushi vya intaneti, na zaidi ya hayo atahitaji mtu wa kumwuliza swali kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa. Kwa mchungaji mwenye shahada mambo ni mengine: kwake maktaba za dunia zimefunguka, naye asizidharau.

Kwa hiyo dayosisi ikitaka kupunguza walimu kwa sababu masomo ni ya bure, itakuwa imeondoa kile hasa kilicholibakiza kanisa hai mwaka 1916. Fedha itakayookolewa kwenye vitabu na itumike kuwaandaa viongozi wa vikundi, usharika kwa usharika, kuanzia Tukuyu hadi Manow.