Nicole, papa aliyevuka Bahari ya Hindi na kurudi

Mwaka 2001 utafiti wa vinasaba ulitoa picha ya kuvutia kuhusu papa weupe. Vinasaba wanavyorithi kwa mama peke yake vilitofautiana sana kati ya papa wa Afrika Kusini na wale wa Australia na New Zealand. Vile vinavyotoka kwa wazazi wote wawili havikutofautiana hivyo. Tafsiri ikawa: madume husafiri, majike hubaki kwao.

Tarehe 7 Novemba 2003, karibu na Gansbaai, Afrika Kusini, kikosi cha mtafiti Ramón Bonfil kilimfunga papa jike kifaa cha elektroniki. Wakampa jina Nicole, kutokana na mwigizaji Nicole Kidman wa Australia.

Sasa, utamfuataje mnyama aliye chini ya maji? Mawimbi ya redio hayafiki mbali ndani ya maji ya chumvi, kwa hiyo papa akizama, setilaiti haimpati. Kifaa cha Nicole kilipita njia nyingine: kilirekodi kina, joto la maji na mwanga. Mwanga ndio uliokuwa dira, maana saa za macheo na machweo hutofautiana kulingana na mahali ulipo duniani. Siku iliyopangwa ikifika, kifaa hujichomoa, huelea juu na kutuma kumbukumbu zake kwa setilaiti.

Kiliibuka tarehe 28 Februari 2004, kando ya Australia Magharibi! Nicole alikuwa amesafiri kama kilomita 11,000 kwa siku 99, akiogelea karibu na uso wa bahari kwa muda mwingi, na mara nyingine akizama hadi mita 980.

Hapo kifaa kilikuwa kimemaliza kazi yake. Safari ya kurudi ilijulikana kwa njia ya zamani zaidi: picha. Pezi la mgongoni la kila papa lina mikato yake, kama alama za vidole vyetu. Agosti 2004 pezi la Nicole lilipigwa picha tena Gansbaai. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 20,000, katika muda usiofika miezi tisa.

Papa mmoja hathibitishi kwamba majike wote husafiri hivyo. Ila anatosha kuvunja kauli kwamba hawasafiri. Na hili si suala la maabara tu. Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza kumlinda papa mweupe kisheria, mwaka 1991, na Australia nayo inamlinda. Lakini katikati kuna bahari kuu isiyo ya nchi yoyote, yenye meli za kutega ndoano kwa maelfu. Oktoba 2004, kwa pendekezo la Australia na Madagaska, papa mweupe aliingizwa kwenye mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mkataba huo unabana biashara ya mapezi na meno yake. Ndoano iliyokwisha kutegwa njiani hauizuii.