Mitungi ya Wafu wa Bura

Msomaji, ukitaka habari za taifa lililoandika vitabu, utafungua vitabu vyake. Lakini habari za watu wasioacha hata herufi moja utazipata wapi? Huna budi kuiuliza ardhi waliyoikalia.

Kusini-magharibi ya nchi ya Niger, katika jimbo la Tillabéri, pana mahali paitwapo Bura. Mwaka 1975 yaligunduliwa hapo makaburi ya kale, na mwaka 1983 wataalamu walichimba kiwanja chenye urefu wa meta 25 na upana wa meta 20. Humo walikuta mamia ya mitungi ya udongo uliochomwa, kazi ya watu walioishi kati ya karne ya 3 na ya 13 baada ya Kristo.

Mitungi hiyo haikuwa ya maji wala ya nafaka. Ilikuwa ya maziko. Mingine ni mirefu kama mwanzi mnene, mingine ni ya mviringo kama buyu, nayo imetiwa nakshi. Juu ya baadhi yake pana sura ya mtu, na pengine mpanda farasi aliyevaa bangili, farasi wake akiwa na lijamu. Pamoja na mitungi ilionekana mifupa, meno na vyembe vya mishale vya chuma.

Angalia basi jinsi vitu hivi visemavyo. Chembe cha mshale chatuambia kuwa chuma kilitumika. Lijamu, kwamba farasi alifugwa na kutiishwa. Na mtungi wenyewe, kwamba maiti alistahili kazi bora ya mfinyanzi.

Lakini ushahidi huo husikika kila kitu kikiwa mahali pake. Katika miaka ya 1990, baada ya sanamu za Bura kuonyeshwa Ufaransa, wanyang'anyi waliyavamia makaburi, wakachimbua na kuuza. Hata Baraza la Kimataifa la Makumbusho likaziingiza sanamu hizo katika orodha ya vitu vilivyo hatarini. Sanamu iliyong'olewa yaweza kupendeza kabatini mwa tajiri, lakini haiwezi tena kutuambia ilimlinda nani, wala alizikwa na nini.

Kwa hiyo, msomaji, ukiona kigae cha kale kikichomoza shambani, usikichimbue. Kiache kilipo, upeleke habari kwa wenye elimu ya mambo hayo. Ukurasa uliochanwa hausomwi mara ya pili.